Dada, Nimekabidhiwa Vitufe vya Benki Nzima

Mdogo wangu, barua yako nimeisomea nyumbani Kihagara, chini ya mwembe, maana ndipo mtandao unaponasa. Kando yangu samaki aina ya usipa wameanikwa na nimepewa kazi ya kufukuza kuku, kwa hiyo ukiona wazo limekatika ghafla, ujue ni kuku.

Unasema umekabidhiwa mfumo wa dizaini wa benki yenu: rangi, maandishi, vitufe na fomu vifanane kuanzia programu ya simu hadi skrini ya karani wa dirishani. Timu ziko tisa, wasaidizi unao wawili, na wakubwa wanataka kila kitu kiwe tayari Juni. Kikaoni watu wanaitikia “sawa, dada,” wakirudi mezani kila mmoja anachora kitufe chake. Unaniuliza uwabane vipi.

Usiwabane. Nilishawahi kubana, na aibu yake bado ninayo. Kampuni moja ya Dar es Salaam iliniajiri kwa kazi kama yako. Nikajifungia miezi minne, nikatoka na mwongozo wa kurasa mia mbili, tukauzindua kwa keki. Mwaka ulipoisha nikahesabu vitufe vya kijani kwenye programu zetu. Aina kumi na saba! Kabla ya mwongozo zilikuwa kumi na nne.

Likizo iliyofuata nikapanda milimani Umatengo kwa shangazi, nikashikishwa jembe kwenye ngoro. Ngoro unazijua, wewe ni mtu wa Mbinga, ila labda umeziona kwa dirisha la basi tu, mlima umejaa vishimo kama sega la nyuki. Majani yanafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, mteremko mzima unakuwa miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba unachimbwa na kufukia yale majani. Palipochimbwa panabaki shimo, palipofukiwa panakuwa tuta. Maharage yanapandwa juu ya tuta, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikipiga, maji yanatuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo, na majani chini ya tuta yanaoza yawe mbolea. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuja kuusoma utaratibu huo, ambao wakulima wenyewe hawakuwahi kuuandikia kurasa mia mbili.

Shangazi hakunipa rula. Mashimo yake hayalingani. Penye mwamba mraba unapinda, na hakuna anayelalamika. Nilipoacha pengo kwenye tuta, hapo ndipo alipopandisha sauti, kwa sababu maji yakipata upenyo kwangu yanamshukia jirani wa chini. Mimi katika ule mwongozo wangu nilikuwa nimevipa uzito sawa upana wa kona ya kitufe na ujumbe wa kumthibitishia mteja kwamba hela yake imetoka. Kona ikipinda nani ataumia? Ujumbe ukipotea, mteja anatuma hela mara mbili. Kwa hiyo kaa na wenzako mtafute mapengo yenu ya tuta. Hayatazidi kumi. Hayo ndiyo ya kusimamia bila aibu, mengine waachie wapindishe penye mwamba.

Na uende kuchimba. Kwa desturi ya kule wanaume hufyeka na kulaza majani, wanawake huchimba (nani anachoka zaidi, uliza mgongo wangu). Mimi kazini nilikuwa mlaza majani tu. Nilichora mistari mizuri kwenye programu ya kuchorea ya Figma nisijue kwamba kijana wa programu anahitaji siku tatu kukibadilisha kitufe kimoja kifuate mchoro wangu, wakati cha kwake anakimaliza kwa saa moja. Ningekuwa yeye, ningechora changu pia. Keti na timu moja wiki mbili, mjenge pamoja fomu ya kufungua akaunti hadi ifanye kazi. Hiyo ndiyo ahadi ya Juni ya kuwapelekea wakubwa.

Kuona kwamba kufanana kunawezekana, hebu fungua tovuti ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga, kisha ya Mji wa Mbinga, kisha ya Nyasa. Sura ni moja. Serikali Mtandao, iliyoanza kama wakala mwaka 2012 ikawa mamlaka kwa sheria ya 2019, inaweka viwango, na habari zinawekwa na watu wa halmashauri wenyewe. Kwa macho yangu sura ile haina mvuto, lakini mtu aliyetafuta tangazo la ajira Nyasa hapotei akiingia tovuti ya Songea, na mvuto gani unazidi huo?

Waingereza nao, walipozindua mfumo wa dizaini wa GOV.UK, tovuti ya serikali yao, mwaka 2018, waliweka kikundi cha watu wa idara mbalimbali cha kupima vipande vinavyoletwa kutoka nje ya timu kuu. Wamatengo nao walikuwa na sengu, ukoo ukila pamoja na shauri likiamuliwa palepale. Anzisha sengu yako, mtu mmoja kila timu. Na chakula kiwepo kweli, usiwape maji ya chupa tu.

Shamba likifikia zamu ya mahindi hapachimbwi ngoro mpya, watu husafisha zile za msimu wa maharage na kurudishia udongo kwenye tuta. Mfumo wako nao utahitaji usafi kama huo. Uombee bajeti mapema, maana wakubwa hupenda keki ya uzinduzi, na usafi hauna keki.

Kijana mmoja aliyechora kile kitufe cha kumi na saba nilikaa naye mwaka mzima nikimwona mkaidi. Siku niliyomuuliza kwa utaratibu alinishika mkono, akanitoa nje saa saba mchana, akanipa simu ya bei ndogo kama wanazotumia mawakala wa huduma za fedha. Kijani changu hakikuonekana. Chake kilionekana. Tukakichukua chake.