Meno ya Sproketi na Mlima wa Ikola

Ikola iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Uso wa ziwa uko yapata mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Mpanda, ulio umbali wa zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100. Pikipiki itokayo ziwani na mzigo wa dagaa au migebuka mikavu haina budi kwanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Ikiisha kufika juu, huwa imebakiwa na masafa marefu ambayo dereva hukaa katika gia ya mwisho kwa muda mrefu, huku injini ikilalamika kana kwamba inataka gia moja zaidi.

Gia hiyo haipo. Hapo ndipo fundi humshauri dereva abadilishe gurudumu dogo la meno lililo mbele, liitwalo sproketi, aweke lenye jino moja au mawili zaidi. Injini itatulia, husema fundi, na mafuta yatapungua. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini bei yake hulipwa mahali pengine, yaani mlimani. Hesabu ya kidato cha pili yatosha kuonyesha bei hiyo ni kiasi gani.

Pistoni huzungusha mhimili uitwao krenki. Mzunguko wa krenki hupunguzwa mara ya kwanza kabla ya kufika kwenye klachi, hupunguzwa tena ndani ya giaboksi kulingana na gia iliyoingizwa, na mara ya mwisho hupunguzwa nje, pale mnyororo unapotoka kwenye sproketi ndogo kwenda kwenye sproketi kubwa ya gurudumu la nyuma. Hatua mbili za kwanza zimefungwa ndani ya injini na si rahisi kuzigusa. Hatua ya tatu iko wazi, nayo hubadilishwa kwa spana chache. Mnyororo wenyewe, wenye pini na vigurudumu vidogo, ni kazi ya Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi mjini Manchester, Uingereza, ambaye aliuvumbua mwaka 1880. Umbo lake halijabadilika sana tangu hapo.

Ichukuliwe pikipiki yenye injini ya sentimita za ujazo 125, ya aina ya Honda CG125 iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970. Umbo la injini hiyo limeigwa katika pikipiki nyingi za bei nafuu kutoka China. Kwa urahisi wa hesabu, sproketi ya mbele iwe na meno 14 na ya nyuma meno 42. Uwiano wa nje basi ni 42 kugawanya kwa 14, yaani 3. Hatua mbili za ndani, katika gia ya mwisho, zichukuliwe kuwa 4 kwa pamoja. Uwiano mzima ni 4 mara 3, ambao ni 12: krenki huzunguka mara 12 gurudumu linapozunguka mara moja.

Mzingo wa gurudumu la nyuma usichukuliwe kitabuni tu, kwani tairi hubonyea chini ya mzigo. Ni afadhali wanafunzi wapake chaki alama moja kwenye tairi, dereva akalie pikipiki, nayo isukumwe mpaka alama iguse ardhi mara ya pili. Umbali kati ya alama mbili ndio mzingo. Hapa uwe mita 1.9.

Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 500, na pikipiki huenda mita 950 kwa dakika, yaani kilomita 57 kwa saa. Sasa sproketi ya mbele ibadilishwe iwe ya meno 15. Uwiano wa nje huwa 2.8, na uwiano mzima 11.2. Kwa mwendo uleule wa kilomita 57 kwa saa, injini inahitaji mizunguko 5,600 tu. Kwa meno 16 uwiano mzima ni 10.5, na mizunguko hushuka hadi 5,250.

Tofauti ya mizunguko 400 kwa dakika yaonekana ndogo, lakini katika kila kilomita 100 krenki inapungukiwa na mizunguko zaidi ya 42,000. Katika CG125 pistoni husafiri milimita 49.5 kwenda juu na kiasi hicho hicho kurudi chini katika kila mzunguko. Kwa hiyo wastani wa mwendo wake hupungua kutoka mita 9.9 kwa sekunde hadi mita 9.24. Msuguano hupungua, kelele na mtetemo hupungua, na kwa kuwa dereva hufungua mafuta zaidi kidogo ili kupata kazi ileile, injini haihangaiki sana kuvuta hewa kupitia tundu lililobanwa. Mafuta kidogo huokolewa. Fundi hakukosea.

Kosa huanza pale watu wanapodhani kwamba jino lililoongezwa limeongeza uwezo wa injini. Uwezo, yaani kazi ifanywayo kwa kila sekunde, haukuguswa. Magurudumu ya meno ni wenzo uliopindwa ukawa duara: kinachopatikana katika mwendo hupotea katika kani. Hata mwendo wa juu kabisa si lazima uongezeke. Upepo wa mbele ukiwa mkali, injini iliyopewa meno 16 huweza kushindwa kufikia mizunguko inayoipa uwezo wake mkubwa, na dereva akajikuta anarudi gia ya chini ili aende upesi.

Turudi mlimani. Momenti ya injini kama hii, kwa kipimo cha mtengenezaji, huwa karibu na nyutonimita 10. Lakini kipimo hicho ni cha hewa ya usawa wa bahari. Kati ya Ikola na Mpanda hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, basi ichukuliwe momenti ya nyutonimita 9. Hatua za ndani katika gia ya kwanza ziwe 11. Kwa meno 14 mbele, uwiano mzima ni 33. Momenti kwenye gurudumu ni 297, na kwa nusu kipenyo cha mita 0.3, kani ya kusukuma ardhi ni nyutoni 990. Sehemu moja ya kumi hupotea katika msuguano wa giaboksi na mnyororo. Hubaki nyutoni 891. Kwa njia hiyohiyo, meno 15 hutoa nyutoni 832, na meno 16 hutoa nyutoni 780.

Pikipiki, dereva, abiria na gunia viwe na kilo 300, yaani uzito wa nyutoni 3,000. Katika mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 5 za barabara, kani ya kuushinda mlima ni nyutoni 600. Barabara isiyo na lami, yenye vumbi na kokoto, huongeza ukinzani unaoweza kufika nyutoni 200. Jumla ni 800.

Meno 14 hupanda na kubakiza akiba ya nyutoni 91. Meno 15 hupanda, lakini akiba yake ni nyutoni 32, ambazo shimo moja lililojaa mchanga laweza kuzimaliza. Meno 16 hayapandi. Hapo dereva huanza kucheza na klachi ili injini isizimike. Yafaa ieleweke kwamba klachi inayoteleza haizidishi momenti hata kidogo. Huipa injini nafasi ya kuendelea kuzunguka tu, na tofauti yote hugeuka kuwa joto katika sahani zake. Harufu ya kuungua inayosikika katikati ya mlima ni ya sahani hizo.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi hawalitaji mara kwa mara, nalo ni zito kuliko la kwanza. Pikipiki inayoteremka kwenda ziwani hushikiliwa na injini pia, si na breki pekee. Uwiano ukipunguzwa, mshiko huo hupungua kwa kadiri ileile: karibu sehemu 7 kwa mia kwa jino moja, sehemu 12 au 13 kwa meno mawili. Kilichopungua huhamia kwenye breki, na breki za ngoma zikipata moto hulegea. Dereva aliyezoea kuteremka mahali fulani kwa gia ya pili hana budi kujaribu upya kwa uangalifu, kwanza bila abiria.

Kazi yenyewe ya kubadilisha si ngumu. Injini izimwe na ufunguo utolewe, kwa maana mnyororo unaozungushwa na injini umekwisha kuwakata watu vidole. Jino moja likiongezwa mbele, ekseli ya nyuma husogea mbele yapata milimita 3 tu, na kwa kawaida mnyororo uleule hutosha. Ihakikishwe kwamba sproketi mpya haigusi kifuniko chake. Mnyororo uliochakaa usiwekwe juu ya sproketi mpya, kwani utaila. Katika mnyororo wa namba 428, umbali kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, nafasi 20 zilizovutwa zikapimwa kwa rula zapaswa kuwa milimita 254, na zikifika 259 umekwisha. Meno 15 yana faida moja ya pembeni: viungo vya mnyororo hupishana, cha ndani na cha nje, hivyo jino la sproketi yenye idadi shufwa hukutana daima na kiungo cha aina moja, ilhali katika idadi witiri hukutana na aina zote mbili kwa zamu na kulika kwa usawa zaidi.

Kwa dereva apandaye mlima huo kila siku na mzigo, hesabu inaelekea meno 14. Kwa mwalimu au mganga asafiriye peke yake, uzito ukiwa kilo 190 hivi, meno 15 yanafaa, na ile ya 14 ihifadhiwe kwenye kisanduku cha spana. Meno 16 ni ya nchi tambarare.

Zoezi. Pima mwinuko mkali kuliko yote ulio karibu na shule: weka ubao wa mita 1 ulale sawa kwa pimamaji, kisha upime nafasi iliyo chini ya ncha inayoning'inia. Sentimita 20 ni mwinuko wa 1 kwa 5. Tafuta kani inayohitajika kwa kilo 300, kisha ujibu: dereva akiacha meno 14 mbele na kuweka 39 nyuma badala ya 42, amepata karibu sawa na nani katika mifano iliyotangulia? Na mchukuzi wa magunia akiweka 45 nyuma, injini yake itazunguka mara ngapi kwa dakika katika mwendo wa kilomita 57 kwa saa?