Wanyama wa Mawe wa Wazuni

Muhula uliopita niliona maktabani picha ya simba wa jiwe, mdogo wa kutosha kushikwa kiganjani, amefungwa ncha ya mshale mgongoni kwa ukano. Nikamwonyesha mwenzangu wa bwenini. Akasema, "Watu hawa huabudu mawe!" Tukacheka sote. Baada ya kukisoma kitabu nimeona haya kwa kicheko kile.

Wazuni ni kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, wakaao magharibi ya jimbo la New Mexico. Nchi yao ni kavu, nao tangu kale ni wakulima wa mahindi. Husimulia kwamba zamani dunia ilikuwa tope, na wanyama wakali wakiwala watu. Basi watoto pacha wa Jua wakaiunguza nchi ipate kukauka, na wale wanyama wakawapiga kwa umeme, wakageuka mawe. Lakini moyo wa kila mnyama uliachwa hai ndani ya jiwe lake, ili uwasaidie wanadamu. Ndiyo maana jiwe lililookotwa likiwa tayari na umbo la mnyama huthaminiwa kuliko lililochongwa lote kwa mkono.

Sisi twahesabu pande nne za dunia; wao huhesabu sita, na kila upande una mlinzi wake. Kaskazini ni simba wa milimani, rangi yake manjano. Magharibi dubu wa buluu. Kusini mnyama wa jamii ya nyegere, mwekundu. Mashariki mbwa mwitu mweupe. Juu tai wa rangi nyingi. Na chini fuko mweusi. Nilishangaa fuko kupewa cheo hicho, lakini nani mwingine azijuaye njia za chini ya ardhi?

Mawe hayo hutunzwa ndani ya mtungi na kulishwa unga wa mahindi. Zamani mwindaji alipofuata nyayo za ayala alilitoa jiwe lake, akaliweka karibu na midomo, akavuta pumzi. Kwao pumzi hutoka moyoni, na pumzi ya mnyama mwindaji humlegeza mnyama awindwaye. Ayala akiisha kuuawa, jiwe lilichovywa katika damu yake, nalo lipate fungu lake. Kwa hiyo haliabudiwi kama tulivyodhani. Ni mwenzi wa safari, naye hulipwa.

Haya twayajua hasa kwa sababu ya Mmarekani mmoja, Frank Hamilton Cushing. Alifika kwao mwaka 1879, akakaa zaidi ya miaka minne, akajifunza lugha, hata akaingizwa katika ukuhani wa Upinde, ulio jamii ya siri. Mwaka 1883 maandishi yake juu ya mawe haya yakachapishwa. Hapo ndipo tuliposhindana bwenini mpaka taa zikazimwa. Mwenzangu asema jambo likiisha kupigwa chapa ni la wote. Mimi nimepita jandoni, na yako mambo nisiyomwambia hata mama yangu. Mgeni akiyachapa, nitamwita ndugu?

Siku hizi jamaa nyingi za Wazuni hupata riziki kwa kuchonga wanyama wa feruzi na mawe mengine kwa ajili ya kuuza. Hao wa kuuzwa huwa hawajaombewa. Walioombewa hubaki mitungini mwao, na picha zao sikuziomba tena maktabani.