Kindi Mwekundu na Kindi wa Kijivu

Siku moja mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa akitueleza habari za kindi wa Uingereza. Mwenzangu mmoja aliinua mkono akauliza: "Bwana Mwalimu, kindi si kindi tu? Mmoja akiondoka na mwingine akabaki, hasara iko wapi?" Tulicheka, lakini swali lile halikunitoka. Nimelitafutia jibu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kindi mwekundu ni mwenyeji wa misitu ya Uingereza tangu kale. Kindi wa kijivu ni mgeni kutoka Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1876 tajiri mmoja wa Cheshire aliwafungulia wachache katika bustani yake, apate kuwatazama, na matajiri wengine wakamfuata. Serikali ilipopiga marufuku kuwaingiza na kuwafuga, mwaka 1937, walikuwa wamekwisha kuenea. Siku hizi wa kijivu wakadiriwa kupita milioni 2. Wekundu hawafiki 300,000, na wengi wao wako Scotland.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji hakupona. Kwa nini? Kwanza ni chakula. Wa kijivu ana uzito karibu mara mbili ya mwenzake, naye hula kokwa za mwaloni, ambazo tumbo la mwekundu haliziwezi vizuri. Pili ni maradhi. Wa kijivu huchukua vijidudu vya ndui ya kindi asiugue, lakini mwekundu akiambukizwa, kwa kawaida hufa katika muda wa wiki mbili hivi.

Katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, wekundu walikuwa wamebaki wapatao 40 tu mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu wakaanza kuwatega na kuwaua wa kijivu, kazi iliyochukua miaka zaidi ya 10, na wekundu wakaongezeka hata kufika mamia. Katika Ireland na Scotland yuko msaidizi mwingine: mnyama mwembamba apandaye miti, wa jamii moja na nyegere. Aliporudi msituni, wa kijivu walipungua na wekundu wakarudi.

Wengine husema ni ukatili kumwua mnyama asiye na kosa. Ni kweli, kindi wa kijivu hakujileta. Aliletwa na mtu. Lakini aliyeleta shari asipoiondoa, anayelipa ni mwenyeji.

Nasi tusijione mbali. Katika miaka ya 1950 samaki mbuta alitiwa katika Ziwa Victoria. Amewapa watu wengi fedha, lakini aina nyingi za furu, zisizopatikana penginepo duniani, zimetoweka.

Basi, rafiki yangu, jibu langu ni hili: kumfungulia mgeni ni kazi ya asubuhi moja, kumrudishia mwenyeji nyumba yake ni kazi ya maisha, na pengine haiwezekani tena.