Kidole Juu ya F1: Diski Inapotoa Onyo, Amana Ni ya Nani?



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipofunga msaada wa kawaida wa Windows 10, ombi moja limekuwa jingi miongoni mwetu: "Ndugu, niwekee Windows 11." Anayeombwa ni mwanafunzi mwenzetu, si fundi kamili, ila anajua kuliko wengine. Mashine yenyewe ni ya mtumba, pengine imetoka soko la Tsoka hapa Lilongwe (kwa Kichewa tsoka ni mkosi, ingawa wapo wanaopata riziki yao pale). Inawashwa, na kabla Windows haijafunguka, kioo cheusi kinaandika kwamba diski inakaribia kuharibika: weka nakala, au bonyeza F1 kuendelea.

Swali la somo hili ni hilo tu. Akibonyeza F1 na kila kitu kikapotea, anadaiwa?

Kwanza tulifahamu onyo. Diski hujikagua yenyewe kwa utaratibu uitwao SMART. Inahesabu sekta zilizokufa zikabadilishwa kwa sekta za akiba, na zile ilizojaribu kusoma ikashindwa. Hesabu ikivuka mpaka uliowekwa na kiwanda, onyo linatoka. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Diski iliyopata kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60, ikilinganishwa na isiyo na kosa hilo. Lakini zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya ishara nne walizoziona kuwa na nguvu. Onyo likija, basi, liamini. Lisipokuja, usijipe uhakika.

Kubadilisha mfumo ni kazi nzito kwa diski mgonjwa. Gigabaiti nyingi zinaandikwa kwa mkupuo, mfumo wa zamani unasogezwa kwenye folda ya Windows.old, na pembe ambazo hazikuguswa kwa miaka zinasomwa. Ongeza umeme wa kukatika na betri isiyoshika chaji. Watu husema Windows 11 imeua kompyuta. Mara nyingi ilimkuta mgonjwa tayari yu mahututi.

Tuje kwenye fiqhi. Anayepokea mali za watu wengi ili azifanyie kazi, kama mshonaji au mpaka rangi, wanazuoni wanamwita ajiri mushtarak. Wamalik wanawadhaminisha mafundi wa namna hii, na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.) kwamba aliwalipisha kwa ajili ya maslahi ya watu. Abu Yusuf na Muhammad, wanafunzi wa Abu Hanifa, waliona hivyo hivyo, isipokuwa kwa balaa lisiloepukika kama moto mkubwa. Kauli iliyo na nguvu katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tumeisomea madrasa, ni kwamba mkono wake ni mkono wa amana: halipi ila akivuka mpaka au akizembea.

Wengine huishia hapo wakafurahi. "Mimi ni Shafi, sidaiwi." Kwangu mimi hapo ndipo onyo linapobadilisha mas-ala. Diski ikifa ghafla bila ishara, hoja yao imesimama. Lakini aliyesoma maandishi yale akabonyeza F1 bila kumwambia mwenye mali, huyo atakanaje uzembe? Akimwambia, na mwenyewe akasema endelea, mzigo umehama. Kwa hiyo piga picha ya kioo kwa simu, mtumie, ngoja jibu. Wallahu aalam.

Na kuna hasara ambayo dhamana haiifikii. Kitu kilichoharibiwa hulipwa kwa mfano wake au kwa thamani yake. Mtu wa Dzaleka, kambi iliyopo Dowa tangu 1994, ndani ya diski yake mna cheti kilichopigwa picha kabla karatasi haijapotea njiani kutoka Uvira au Bujumbura, barua za kesi yake ya ukimbizi, sura ya mama aliyebaki. Mfano wake uko wapi? Thamani yake kwacha ngapi?

Basi simamisha kazi. Usianze na programu za kutengeneza diski, maana nazo zinaichosha. Kwanza toa nakala, ukianza na visivyopatikana tena: vyeti, barua, picha, tasnifu. Filamu zingoje. Wengi huhamishia mafaili kwenye D wakaona wameokoka, kumbe mara nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja inayoungua. Tumia flashi au diski nyingine. Kisha nunua diski mpya, SSD ukiweza, na mfumo uwekwe humo.

Ukinunua mashine pale sokoni, muombe muuzaji afungue CrystalDiskInfo, programu ya bure, mbele yako. Anayejua ugonjwa wa diski akauficha ameficha aibu ya bidhaa, na mnunuzi ana haki ya kurudisha. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye nalo kwa kutouweka juu watu wauone.

Jambo la mwisho husahauliwa. Kuokoa mafaili ya mtu ni kuyashika, na ruhusa ya kuweka Windows si ruhusa ya kufungua picha zake. Kama ni mashine ya dada, akae mwenyewe achague folda, wewe umwelekeze. Diski mpya ikishakubali na mwenyewe akahakikisha kila kitu kipo, nakala iliyobaki kwenye flashi yako ifute mbele yake.