Gemu za zamani kutoka ng'ambo: jua kinga ya pesa yako inaishia wapi

Kuna wateja wetu waliolelewa na kaseti za manjano za Contra na Mario, zile za kupuliza kwanza ndipo zishike. Leo wana kazi, wana simu, na wamegundua kwamba konsoli waliyokuwa wakiichungulia kwa jirani iko sokoni Japani au Marekani, tena kwa bei ya jozi moja ya viatu. Kulipa ni dakika mbili. Shida huanza baada ya hapo.

Pesa unayolipa mtandaoni kwa njia sahihi huwa na kinga. Mzigo usipofika, au ukifika ukiwa si ule ulioonyeshwa, unaweza kurudishiwa. Lakini kinga hiyo ina mipaka miwili ambayo wengi hawaiangalii: ina anwani, na ina saa. Mzigo ukipita anwani hiyo, au saa hiyo ikiisha, umebaki peke yako na muuzaji aliye maelfu ya kilomita kutoka Kenya. Somo la leo linafuata safari nzima ya mzigo, hatua kwa hatua, ili ujue mipaka hiyo iko wapi kabla ya kuweka PIN.

Hatua ya 1: Je, itacheza hapa kwetu?

Kurudisha konsoli ng'ambo kunaweza kugharimu zaidi ya konsoli yenyewe. Kwa hivyo kosa la hapa mwanzoni ndilo ghali kuliko yote. Angalia mambo manne.

Kwanza, umeme. Japani hutumia volti 100, Marekani volti 120, na Kenya volti 240. Ukichomeka adapta ya Famicom ya Japani kwa soketi ya hapa, utasikia harufu kabla hujaona picha. Konsoli inayotumia adapta ya nje unaweza kuitafutia adapta nyingine hapa nchini, bora volti zinazotoka na upande wa chanya na hasi zilingane na zile zilizoandikwa kwenye mashine. PlayStation ya kwanza ni tofauti, kwa sababu umeme wa ukutani huingia moja kwa moja ndani ya mashine. Ile ya Japani itahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hiyo ni gharama ya kuweka kwenye hesabu.

Pili, kaseti na mashine zielewane. Famicom ya Japani ilitoka 1983 na kaseti zake zina pini 60. NES, ambayo ni ndugu yake wa Marekani na Ulaya, hutumia kaseti za pini 72. Zile konsoli za kuigiza tulizochezea hapa zilifuata Famicom, kwa hivyo kaseti ya NES haitaingia bila kiunganishi cha kati. PlayStation 2 ya Japani nayo haikubali diski ya Ulaya isipokuwa iwe imefunguliwa na fundi. Game Boy haina ubaguzi huo: kaseti ya nchi yoyote hucheza, ila usishangae maandishi yakiwa Kijapani.

Tatu, TV. Japani na Marekani zilitumia mfumo wa picha wa NTSC, sisi tukatumia PAL. TV nyingi za kisasa husoma mifumo yote miwili. TV ya zamani yenye mgongo mkubwa inaweza kukupa picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka.

Nne, uhalisi. Kaseti za Pokémon za Game Boy Advance ni kati ya zinazoghushiwa sana. Mwombe muuzaji picha ya karibu ya lebo na ya sehemu ya pini. Kwenye kaseti halisi ya Game Boy Advance, jina la Nintendo huonekana limeandikwa kwenye bodi, juu tu ya pini, na lebo nyingi huwa na namba ndogo iliyogongwa ambayo huonekana ukiigeuza kwenye mwanga. Uliza pia kuhusu betri ndogo ya mviringo iliyo ndani ya kaseti nyingi za zamani. Ikiisha, gemu itacheza lakini haitahifadhi ulipofika.

Halafu soma maneno ya tangazo. Muuzaji akiandika "untested", anamaanisha hajaijaribu. Akiandika "for parts or not working", anauza vipuri. Kwenye minada ya Japani, neno "junk" lina maana hiyo hiyo: muuzaji haahidi lolote na hapokei bidhaa kurudi. Ukinunua kitu kilichotangazwa kuwa kibovu, kisha kikafika kibovu, huna malalamiko ya kufungua. Umepewa ulichouziwa.

Hatua ya 2: Bei ya mwisho ni ipi?

Bei unayoiona kwenye tangazo ni mwanzo tu. Mzigo ukija moja kwa moja hadi Kenya, forodha huchukua bei ya bidhaa, nauli na bima kwa pamoja, na hiyo jumla ndiyo thamani inayotozwa ushuru. Nauli nayo inatozwa. Wengi hushtuka hapa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme dola ni shilingi 130, konsoli ni dola 60, na nauli pamoja na bima ni dola 40. Thamani ya forodha ni shilingi 13,000. Tukichukua ushuru wa asilimia 25, hiyo ni 3,250. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya 16,250, nayo ni 2,600. Kuna ada ya IDF, tuiweke asilimia 2.5, ambayo ni 325. Kuna na ile ya reli, RDL, tuiweke asilimia 2, ambayo ni 260. Jumla ya makato ni 6,435. Konsoli ya shilingi 7,800 imekuwa 19,435, na bado hujalipa ada ya kampuni iliyokushughulikia forodha. Viwango hivi hubadilika kwa sheria za fedha, kwa hivyo hakikisha vya sasa kwa KRA kabla ya kuagiza. Mpangilio wa hesabu ndio wa kukariri.

Nauli nayo ina siri yake. Kampuni kubwa za vifurushi hupima uzito na ukubwa, kisha hutoza kile kilicho kikubwa. Njia ya kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu kugawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 25 linatoka kilo 6, hata kama konsoli iliyo ndani ina kilo mbili na nusu. Mwombe muuzaji apakie kwa boksi dogo lakini lenye kinga ya kutosha ndani. Ukinunua kaseti peke yake, tofauti ni kubwa zaidi.

Na tafadhali, usimwombe muuzaji aandike bei ya chini au aite mzigo zawadi. Huo ni udanganyifu kwa forodha. Tena mzigo ukipotea, bima huangalia thamani iliyoandikwa. Mkiandika dola 10, hamna pa kudai dola 60.

Hatua ya 3: Lipa mahali penye rekodi

Pesa ya simu ni kama taslimu. Ukishamtumia mtu naye akatoa, kuirudisha ni kazi ngumu, na sisi tunaotoa huduma hii hatutakuficha hilo. Kumtumia ndugu, ni sawa kabisa. Kumlipa muuzaji usiyemjua, tumia njia yenye kinga ya mnunuzi: ndani ya soko lenyewe, kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yako ya simu, au kwa PayPal.

Muuzaji akikuambia "tutoke hapa, nitakupunguzia, tumalizie WhatsApp", anakutoa nje ya kinga. Akikuomba utumie PayPal kwa njia ya marafiki na familia ili aepuke makato, ni vivyo hivyo, kwa sababu njia hiyo haina kinga ya mnunuzi. Punguzo la dola tano ndiyo bei ya wewe kubeba hatari yote.

Jambo lingine dogo: ukimaliza kulipa, usifute ile kadi ya mtandaoni hadi gemu ifike na uijaribu. Pesa ikirudishwa, kwa kawaida hurudi kwa kadi ile ile uliyolipia.

Hatua ya 4: Anwani ya kinga

Wauzaji wengi hawatumi Kenya. Ndiyo maana wengi wetu hutumia kampuni za mizigo zenye ghala Marekani, Uingereza, Dubai au China. Muuzaji anapeleka ghalani, nao wanaleta Nairobi kwa bei ya kilo. Baadhi hujumuisha ushuru kwenye bei hiyo ya kilo, baadhi hawajumuishi. Uliza kabla.

Hii njia ni nzuri na mara nyingi ni nafuu. Lakini fahamu inachofanya kwa kinga yako. eBay, kwa mfano, ina dhamana ya kumrudishia mnunuzi pesa, ila masharti yake yanasema haiihusu bidhaa iliyosafirishwa tena kwenda anwani nyingine baada ya kufika anwani ya kwanza. Kwa rekodi za muuzaji, mzigo umeshapokelewa siku ulipoingia ghalani. Ukivunjika kati ya ghala na Nairobi, muuzaji si wako tena. Wako ni yule wa ghala.

Kwa hivyo fanya mambo mawili. Lipia ukaguzi na picha ghalani, kama kampuni inatoa huduma hiyo, kabla mzigo haujaondoka. Kisha soma bima ya kampuni ya mizigo: inalipa kiasi gani, na unatakiwa kuripoti ndani ya siku ngapi? Kama haina bima, weka hilo kwenye bei, au chagua muuzaji anayetuma hadi Kenya moja kwa moja hata kama nauli ni ya juu.

Hatua ya 5: Saa ya kinga

Kwa eBay, una siku 30 baada ya mzigo kufika, au baada ya siku ya mwisho uliyoahidiwa, kuripoti shida. Kwa PayPal, una siku 180 tangu ulipolipa kufungua malalamiko. Saa hizo hazisimami kwa sababu mzigo umekwama, wala kwa sababu muuzaji ni mpole na anakuambia "vumilia kidogo tu". Andika tarehe ya mwisho kwa kalenda ya simu siku ile ile unayolipa. Ikikaribia bila mzigo, fungua malalamiko kwanza, mazungumzo yaendelee baadaye.

Hapa ndipo njia ya shangazi wa Atlanta inapoumiza watu. Unanunua Agosti, mzigo unafika kwake, anakuja nao Desemba. Ukiuwasha Krismasi na haufanyi kazi, siku 30 zimepita zamani. Mwombe shangazi, kwa heshima na mapema, aufungue boksi wiki ile ile, achomeke, achukue video ya sekunde kumi. Umeme wa kwake unafaa mashine ya huko, na hiyo video ni ushahidi wako.

Hatua ya 6: Ile meseji ya forodha

Mzigo ukiwa njiani, wakora nao wako macho. Meseji inakuja: kifurushi chako kimezuiwa, tuma shilingi 1,850 kwa namba hii leo, la sivyo kinarudishwa. Kwa sababu kweli unasubiri mzigo, unaamini.

Tulia. Malipo halali ya KRA huambatana na namba ya usajili wa malipo, PRN, na hayaendi kwa namba ya mtu binafsi. Kampuni ya vifurushi nayo hulipwa kwa paybill au till ya kampuni. Kabla ya PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa jina la mtu, acha. Usibonyeze linki ya kwenye meseji. Chukua namba ya kufuatilia mzigo uliyopewa na muuzaji, uiangalie mwenyewe kwenye tovuti ya posta au ya kampuni husika. Namba za posta za kimataifa zina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka, kama JP kwa Japani. Isiyofanana na hiyo inaweza kuwa ya kampuni binafsi, au ya kubuni. Na mtu akikupigia akijiita mhudumu wetu anayetaka PIN ili "kuachilia mzigo", kata simu. Sisi hatuulizi PIN.

Kabla ya kubonyeza "lipa", jiulize:

- Umeme, kaseti na TV vinaelewana?
- Tangazo linasema imejaribiwa na inafanya kazi?
- Nimejumlisha nauli, ushuru, VAT, IDF na RDL?
- Ninalipa ndani ya soko, kwa njia yenye kinga?
- Kinga inaishia anwani gani, na nani ataukagua mzigo hapo?
- Tarehe ya mwisho ya kulalamika iko kwa kalenda?

Ukijibu yote sita, lipa bila wasiwasi. Ukikwama kwa moja, subiri. Konsoli iliyokaa miaka 30 kwa kabati ya mtu inaweza kukaa siku mbili zaidi.

Hifadhi risiti, picha za tangazo na mazungumzo yote na muuzaji mpaka uwe umecheza na kuridhika. Na mzigo ukifika, rekodi video ukiufungua, boksi likiwa bado limezibwa. Ndiyo itakayokusemea kukitokea shida.