Kuandika Kibengali na Lugha Nyingine za Bara Hindi kwenye Kompyuta: Usilipie Kilichomo Tayari

Mlaji anayetaka kuandika Kibengali, Kigujarati au Kihindi kwenye kompyuta yake huenda akaambiwa dukani kwamba anahitaji "programu maalumu", kisha akatajiwa bei yake pamoja na ujira wa fundi wa kuisakinisha. Haja ya lugha hizi si ngeni kwetu. Kigujarati kimeandikwa katika pwani hii kwa vizazi kadhaa, na mwanzoni mwa karne ya 20 Zanzibar ilikuwa na gazeti lake la Kigujarati, Samachar. Wapo pia waliosoma India, na wafanyabiashara wanaoandikiana na wauzaji wa Kolkata au Dhaka. Kabla ya kutoa fedha, kila mmoja wao anapaswa kujua kwamba kompyuta inayotumia Windows 10, Windows 11, macOS au Linux ya miaka ya karibuni ina uwezo huo tayari. Kinachobaki ni kuuwasha.

Uwezo huo unatokana na Unicode, utaratibu wa kimataifa ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na ambao huipa kila herufi ya kila mwandiko namba yake. Herufi za Kibengali zina eneo lake, za Kigujarati lake, na za Kidevanagari, mwandiko wa Kihindi na Kimarathi, lake pia. Kwa sababu hiyo neno lililoandikwa Dar es Salaam husomeka vilevile kwenye simu ya mtu aliyeko Chittagong, bila yeye kusakinisha chochote.

Katika Windows 11, fungua "Settings", ingia "Time & language", kisha "Language & region", na ubofye "Add a language". Andika jina la lugha kwa Kiingereza. Hapa wengi hukwama bila sababu: Kibengali kina majina mawili, Bengali na Bangla, na Windows hukiorodhesha kwa jina la pili, mara moja kwa Bangladesh na mara nyingine kwa India. Ukiulizwa kama unataka lugha hiyo iwe ya kuonyesha menyu za kompyuta, usikubali, isipokuwa unaisoma vizuri. Upakuaji huhitaji intaneti. Ukishamaliza, utahama kutoka kibodi moja hadi nyingine kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na upau wa nafasi.

Baada ya hapo utachagua mpangilio wa kibodi, na uamuzi huu unastahili muda kuliko hatua zote zilizotangulia. Ndani ya lugha uliyoongeza, fungua "Language options", kisha "Add a keyboard".

Mpangilio wa kwanza ni InScript, uliowekwa na serikali ya India kwa ajili ya miandiko ya nchi hiyo. Ubora wake ni kwamba sauti moja hukaa kwenye kitufe kilekile katika miandiko yote. Chukua neno rakta, yaani damu, linalopatikana katika Kibengali, Kihindi na Kigujarati. Bonyeza j kwa ra, k kwa ka, d kwa alama ya kuunganisha, na l kwa ta. Kwa vitufe hivyo vinne, kibodi ya Kibengali itakupa রক্ত, ya Kihindi रक्त, na ya Kigujarati રક્ત. Aliyejifunza mmoja amejifunza yote.

Alama hiyo ya d, ambayo Wabengali huiita hasanta, inahitaji maelezo. Katika miandiko hii kila konsonanti hubeba irabu ndani yake. Hasanta huiondoa irabu hiyo, na konsonanti mbili zinazokutana huungana kuwa umbo moja. Kompyuta ndiyo inayounda umbo hilo. Usilitafute kwenye kibodi. Vivyo hivyo, alama ya irabu i huandikwa baada ya konsonanti lakini huonekana upande wa kushoto wake: bonyeza k kisha f, nawe utapata কি. Mtu asiyelijua hili hudhani kibodi ni mbovu, akalipia matengenezo yasiyohitajika.

Mpangilio wa pili hufuata matamshi. Unaandika kwa herufi za Kilatini kama unavyotamka, na kompyuta inabadilisha. Windows 10 ilipata kibodi za aina hii kwa lugha kumi za India katika toleo la Mei 2019. Zitafute chini ya neno "Phonetic", na kwa Kibengali utazame orodha ya India. Kwa Kibengali ipo pia Avro, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2003 na Mehdi Hasan Khan, wakati huo mwanafunzi wa udaktari nchini Bangladesh. Humo ukiandika rokto unapata রক্ত, kwa kuwa irabu ya ndani ya Kibengali hutamkwa karibu na o. Kwa maoni yetu, anayeandika barua chache kwa mwezi atosheke na njia hii. Anayeandika kila siku, hasa kwa lugha zaidi ya moja, avumilie wiki chache za kujifunza InScript.

Hasara kubwa kwa mlaji haiko kwenye kibodi bali kwenye fonti za zamani. Kabla ya Unicode kuenea, mafundi walichora maumbo ya Kibengali juu ya nafasi za herufi za Kilatini. Bijoy, iliyotoka mwaka 1988, ilijenga uchapaji wa kompyuta nchini Bangladesh kwa njia hiyo, na bado wapiga chapa wengi huko huitumia. Matoleo yake ya baadaye huweza kuandika kwa Unicode pia. Tatizo huonekana faili linapohama. Neno আমার, maana yake "yangu", likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile husomeka Avgvi. Halitafutiki, halitumiki katika ujumbe wa simu, na programu ya kutafsiri hailitambui. Kigujarati na Kihindi vina fonti za namna hiyo pia.

Basi ukilipia kazi ya kuchapiwa maandishi, lijaribu faili ungali dukani. Nakili sentensi moja na uitume kwa simu yako kama ujumbe. Ikifika kama ilivyo, ni Unicode. Ikifika kama mchanganyiko wa herufi za Kilatini, umeuziwa picha ya lugha, si maandishi yake. Zipo programu za kubadili faili za zamani kuwa Unicode, ila herufi zilizounganishwa huweza kuharibika. Tunza nakala ya awali na ulinganishe neno kwa neno.

Kadi za harusi na mabango vina hatari ya peke yake. Baadhi ya programu za usanifu haziunganishi herufi mpaka zipangiwe lugha za Asia ya Kusini, na mchapaji asiyeijua lugha hawezi kuona kosa. Omba nakala ya majaribio, isomwe na mtu anayeijua lugha, na kibali chako kiwe cha maandishi kabla kadi zote hazijachapwa. Bila hivyo, mabishano juu ya nani alipe uchapaji wa pili hayana ushahidi.

Tahadhari ya mwisho ni ya usalama. Programu ya kibodi huona kila unachokiandika, nywila za benki zikiwemo. Usikubali inayoletwa kwenye flashi na fundi usiyemfahamu, wala nakala iliyovunjwa leseni. Pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe.

Fundi ana haki ya kutoza ujira wa muda wake, na hilo si kosa. Lakini kukuuzia kama bidhaa kitu ambacho mtengenezaji anakitoa bure, kwa kukueleza kwamba hakipatikani vinginevyo, ni kukupotosha, na Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Dai risiti inayotenganisha bei ya programu na ujira wa fundi, iandikwe jina la programu na toleo lake. Ukilazimika kulalamika, anza kwa muuzaji mwenyewe, kwa maandishi, ukiambatanisha nakala ya risiti hiyo na faili lenyewe jinsi ulivyolipokea.