SOMO LA AFYA: Anayesaidia Wengine Naye Ajitunze



Leo tunaongea juu ya wale wanaosaidia wengine hapa kambini: wafanyakazi wa ustawi wa jamii walioko zahanati, washauri nasaha, na sisi wahudumu wa afya wa kujitolea.

Tatizo ni nini?
Anayesikiliza habari za vita na misiba kila siku bila kupumzika, mwishowe huchoka mwili na moyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa uchovu huu si ugonjwa, bali ni hali inayoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kuona hufaulu kitu.

Mimi yalinipata. Mama mmoja aligonga kwangu saa nne usiku, mtoto ana homa kali. Nilimjibu kwa ukali aje asubuhi. Punde nilijuta, nikamfuata, tukampeleka mtoto zahanati. Alikuwa na malaria. Je, kama nisingeamka?

Kambini ni vigumu zaidi, maana tunakaa pamoja na wale tunaowahudumia. Kazi inatufuata hadi mlangoni.

Tufanye nini?
1. Lala vya kutosha, wala usiache kula kwa sababu ya foleni ya wagonjwa.
2. Usibebe mzigo peke yako. Ongea na msimamizi wako, lakini usitoe siri ya mteja wala usimtaje jina nje ya kazi.
3. Pangeni zamu za usiku, na watu wa bloku wajue nani yuko zamu.
4. Tenga muda usio wa kazi: kwaya, mpira, bustani, sala.
5. Usitafute usingizi kwenye pombe. Pombe huuharibu.
6. Ukikosa usingizi wiki nzima, au ukiwaza kujiua, usingoje. Nenda zahanati ukaonane na mshauri.

Nanyi wakazi wenzetu
Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akipoteza fahamu, mpelekeni zahanati mara moja, hata usiku. Msimngoje mhudumu. Lakini maswali ya mgao na kadi yasubiri asubuhi.

Mhudumu aliyepumzika atakusikiliza vizuri zaidi. Tukutane katika somo lijalo.